Ngege achezwe chekechea

Mhariri,

Watoto wa chekechea hapa Karungu bado wanakaririshwa "yai, kiluwiluwi, chura" kutoka kwenye chati ya ukutani, na ziwa tunalo mlangoni. Kwa nini wasiucheze mzunguko wa maisha ya viumbe? Ngege, samaki wetu wa ziwani, peke yake anatosha ngoma nzima: jike hutaga, huyabeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na vifaranga vikiona hatari hukimbilia tena mdomoni mwa mama. Ngoma ya ohangla ikilia, mtoto mmoja apanue mikono iwe mdomo, wenzake waingie wakitikisa mabega.

Mbu naye asiachwe, maana malaria inatusumbua mno kandokando ya ziwa. Watoto wajikunje kama mayai, wajinyonganyonge kama viluwiluwi, kisha waruke. Hapo waelezwe kuwa hayo yote huchukua kama wiki mbili tu, hata kwenye maji yaliyotuama katika alama ya kwato za ng'ombe.

Wapo wazazi watakaosema ni mchezo tu. Waje watazame.

Kwa Katiba ya 2010, chekechea ni jukumu la kaunti. Tunaiomba Kaunti ya Migori iwape walimu ngoma kabla ya kuwanunulia chati nyingine.

Mzazi,
Sori, Karungu