Picha ya nyoka isigharimu maisha
Msimu wa kuokota korosho, vijana wa Kilangala huingia mashambani na simu mkononi. Akionekana kifutu kwenye majani makavu, husogea wampige picha. Mzazi, mkataze mwanao. Kifutu hakimbii ovyo. Hutulia, kisha huuma ghafla.

Hata aliyekwisha kuumwa asimfuate nyoka ili amletee daktari picha. Ikiwapo iliyopigwa kwa mbali, itatusaidia. Isipokuwapo, tunatibu kwa kuangalia dalili: uvimbe, kutoka damu, kope kulegea.

Usichanje, usikaze kamba, usibandike jiwe la nyoka. Mtulize mgonjwa, kiungo kisitikiswe, awahishwe hospitali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Nyumbani tukipe.