ASILI YA MANENO: "Koulu" na "shule" ni ndugu

Ndugu msomaji, mtoto wa Ufini atokapo nyumbani asubuhi na mkoba wake huelekea mahali paitwapo "koulu". Litamke neno hilo polepole, kisha utamke "skuli", kama wasemavyo ndugu zetu wa Visiwani. Sikio lako halitakudanganya.

Kifini si jamaa ya Kiswidi wala Kirusi. Wenzake wa ukoo ni Kiestonia na, kwa mbali, Kihungari. Lakini Uswidi iliitawala nchi hiyo kwa karne nyingi, na mtawala haji mikono mitupu, huja na maneno. Waswidi husema "skola". Wafini wa zamani, ambao ndimi zao hazikustahimili konsonanti mbili mwanzoni mwa neno, wakaikata ile ya kwanza. Ndivyo Stockholm ilivyopata kuitwa Tukholma, na "glas" ya Waswidi ikawa "lasi". Sisi tulipofikwa na tatizo hilo hilo tulipachika irabu katikati, tukapata "gilasi". Mwenzetu hukata kichwa, sisi huunga kiungo. Kwa maoni yangu njia yetu ina huruma zaidi.

Waswidi nao hawakulibuni neno lenyewe. Asili yake ni "schola" ya Kilatini, iliyotoka katika "skhole" ya Kiyunani, ambayo maana yake, usicheke, ni mapumziko! Myunani aliyekuwa na nafasi aliketi na wenziwe kujadiliana mambo ya elimu. Baadaye majadiliano yenyewe, na hatimaye mahali pake, pakaitwa hivyo. Mweleze hayo mwanao anapohangaika na hesabu usiku. Tawi jingine lilipitia kwa Wajerumani, nao wakatuletea "shule" walipoitawala Tanganyika; "skuli" ilipitia kwa Waingereza.

Mwaka 1543 Mikael Agricola, aliyekuwa mkuu wa shule mjini Turku, alitoa kitabu cha kwanza kupigwa chapa kwa Kifini, nacho kilikuwa cha kujifunzia kusoma. Hata hivyo, zaidi ya miaka 300 ilipita, na nchi ikaangukia mikononi mwa Urusi mwaka 1809, kabla ya kufunguliwa shule ya sekondari ya kwanza iliyofundisha kwa Kifini, mjini Jyväskylä, mwaka 1858. Neno "koulu" lilikuwa limekwisha kuwa la Wafini zamani sana. Lugha iliyosemwa na mwalimu mle ndani haikuwa yao. Msomaji mwenye mtoto wa sekondari ataelewa kwa nini nimeona vema kuutaja mwaka huo.