Kanuni ya goli la ugenini na klabu za Dar es Salaam

Kanuni ya goli la ugenini ni utaratibu wa kumpata mshindi katika mashindano ya mtoano yanayochezwa kwa mechi mbili, nyumbani na ugenini. Timu zikilingana kwa jumla ya magoli, inasonga mbele ile iliyofunga mengi zaidi ugenini. Ulaya ilianza kuitumia mwaka 1965, na shirikisho la UEFA likaifuta Juni 2021. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliendelea nayo baada ya hapo.

Nchini Tanzania kanuni hii inajadiliwa sana kwa sababu ya klabu mbili za Dar es Salaam, Yanga (iliyoanzishwa 1935) na Simba (1936). Mashabiki wake wako nchi nzima, wakiwemo wale wa Bagamoyo, Chalinze na Miono katika Mkoa wa Pwani. Hadi msimu wa 2024/25 hakuna klabu ya Tanzania iliyowahi kutwaa kombe la CAF.

Matokeo yaliyoamuliwa na kanuni

Agosti 2019 Simba ilitoka 0-0 na UD Songo mjini Beira, kisha 1-1 nyumbani, ikatolewa. Oktoba 2021 iliifunga Jwaneng Galaxy 2-0 nchini Botswana, lakini ikafungwa 3-1 Dar es Salaam.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2023. Tarehe 28 Mei Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Goli lake lilifungwa na Fiston Mayele. Tarehe 3 Juni ilishinda 1-0 mjini Algiers kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla ilikuwa 2-2, lakini kombe likabaki Algeria. Oktoba mwaka huohuo, katika Ligi ya Soka ya Afrika, Simba ilitoka 2-2 na Al Ahly nyumbani na 1-1 mjini Cairo, ikatolewa bila kupoteza mechi.

Mjadala

Wanaoitetea kanuni husema inamlazimisha mgeni kushambulia badala ya kujilinda tu. Wanaoipinga husema inamtia hofu mwenyeji, na kwamba magoli yote yanapaswa kuwa na thamani sawa.

Hata hivyo, kuifuta kusingeipa Yanga kombe moja kwa moja. Bado mshindi angetafutwa kwa njia nyingine, kama mikwaju ya penalti. Njia hiyo nayo haina uhakika: Simba ilitolewa kwa penalti na Wydad mwaka 2023, ikaitoa Al Masry kwa penalti mwaka 2025.

Mpangilio wa mechi nao hautoshi kueleza matokeo haya, kwani katika mawili mechi ya nyumbani ilikuwa ya kwanza, na katika mawili ilikuwa ya pili. Kinachofanana ni kwamba klabu za Dar es Salaam ziliruhusu magoli nyumbani mara zote nne, jumla manane. Vilevile fainali mbili za Simba, dhidi ya Stella Club d'Adjamé mwaka 1993 (jumla 0-2) na RS Berkane mwaka 2025 (jumla 1-3), zilipotea bila kanuni hii kuhusika. Kwa hiyo kanuni inaeleza sehemu tu ya safari ya kulisaka kombe. Sehemu nyingine ni ulinzi katika uwanja wa nyumbani.