Madam Sava na Saa ya Ukutani

Wadau, Ijumaa iliyopita tulimuaga Madam Sava. Hilo si jina lake. Ni sisi makomredi tulimbatiza hivyo, kwa sababu mitambo ya maktaba ikilala, yeye ndiye huiamsha. Miaka 27 kwenye maktaba moja ya chuo. Wakubwa wakatoa hotuba, mmoja akamwita "yule mama wetu wa kompyuta", akapewa saa ya ukutani, picha zikapigwa, soda zikaisha, kila mtu akashika njia yake.

Mimi nimekasirika, na wacha niseme kwa nini.

Mezani pake kulikuwa na droo ya mbao imejaa kadi za katalogi, zile za enzi za taipureta. Nikiwa mwaka wa pili nilimuuliza mbona asizitupe. Akacheka, akaniuliza kama namjua Kilgour. Simjui. "Nenda ukamsome, kijana."

Nikaenda. Frederick Kilgour alizaliwa Marekani mwaka 1914, akasomea kemia Harvard, akaishia kufanya kazi maktabani. Alikaa miaka mingi akiongoza maktaba ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1967, akiwa na miaka 53, umri ambao watu wetu huanza kuhesabu siku za kustaafu, alihamia Ohio kuanzisha kituo kimoja cha kuhudumia vyuo 54.

Shida aliyoikuta ni ya kawaida sana. Kitabu kipya kikitoka, kila chuo kinakinunua, na kila chuo kina mkutubi wake anayeketi kukichambua: mwandishi nani, mada gani, kikae rafu ipi, halafu anachapa kadi. Kitabu ni kilekile! Yaani kazi moja inafanywa mara 54. Kilgour akasema hapana: wa kwanza kukipata akiandike kwenye kompyuta ya pamoja, wengine wote waichukue kazi hiyohiyo kupitia laini ya simu. Agosti 26, 1971, maktaba ya Alden ya Chuo Kikuu cha Ohio, mjini Athens, ikawa ya kwanza kuingiza vitabu kwa njia hiyo. Siku ya kwanza waliingiza vitabu 133.

Mia moja thelathini na tatu tu. Leo orodha iliyozaliwa hapo, WorldCat, ina rekodi zaidi ya milioni 500.

Na hapa kuna jambo nililolipenda: hakumnyang'anya mtu kadi zake. Kompyuta ilichapa kadi zikatumwa kwa vyuo zikiwa zimeshapangwa, na watu wakaendelea kuzitumia hadi walipozoea skrini. Kadi ya mwisho ilichapwa Oktoba 2015, miaka tisa baada ya mzee mwenyewe kufariki. Huyo ni mtu wa teknolojia anayejua kwamba upande wa pili wa mashine kuna binadamu.

Sitamfanya malaika. Shirika aliloliacha, OCLC, si la bure, na maktaba nyingi za huku kwetu haziwezi ada za namna hiyo. Ndiyo maana vyuo vingi Kenya vinatumia Koha, programu huria iliyoanzia maktaba ya mji mdogo New Zealand mwaka 2000. Lakini mkutubi wako akivuta rekodi ya kitabu kutoka maktaba nyingine badala ya kuichapa upya, wazo hilo ni la Kilgour.

Sasa turudi kwa Madam. Yeye ndiye alihamisha kadi zetu kuziingiza kwenye kompyuta, yeye na vijana wawili wa atachimenti, rafu kwa rafu. Machi 2020 vyuo vilipofungwa ghafla kwa sababu ya korona, wengine wetu tulijikuta ushago na bando ya shilingi ishirini. Alihakikisha tunaweza kusoma majarida tukiwa nyumbani, na ukikwama saa nne usiku unamwandikia WhatsApp, anajibu. Kuna watu wamevaa joho la mahafali kwa sababu ya hizo meseji.

Kwa hivyo saa ya ukutani, jamani?

Lakini si zawadi inayoniuma. Angepewa hata gari bado ningeandika haya. Kinachoniuma ni kwamba aliomba msaidizi wa kudumu kwa miaka, aje ajifunze kando yake, na kila mara jibu lilikuwa bajeti. Kilgour aliliongoza shirika lile hadi 1980, akaachia wengine, na likasimama. Kuna tuzo ya utafiti yenye jina lake, sawa, ni vizuri. Ila heshima kubwa zaidi ni kwamba aliondoka na mashine hazikuzimika.

Zetu zilizimika Jumatatu. Siku tatu tu! Hazina ya tasnifu haifunguki, na wiki hii ndiyo ya watu wa masters kupakia kazi zao, maana bila hiyo maktaba haikupigii muhuri kwenye fomu ya klirensi. Foleni ilifika hadi ngazi. Ofisi nzima hakuna aliyejua hata kuanzia wapi.

Unajua aliyepigiwa simu ni nani. Alikuwa kwake akichuma majani chai. Akamwelekeza kijana wa atachimenti kwa laudispika, amri moja baada ya nyingine, huku nasikia ndege na upepo upande wake. Dakika arubaini hivi. Ilipowaka, watu walipiga makofi, naye akauliza tu, "Umeandika hizo hatua mahali, mwanangu?"

Kijana alikuwa ameandika, kurasa tatu za daftari. Mkataba wake unaisha tarehe thelathini.