Watoto Hawali Jeraha

Jirani yetu mmoja wa Katuba hupata riziki yake kwa makala. Alfajiri hushika njia ya Kasenga na baiskeli yake, na jioni hurudi mjini Lubumbashi akisukuma magunia yaliyopandana. Miaka mitatu alificha uvimbe kinenani, akiufunga kwa kitambaa. Mwisho alikwenda hospitali, akapasuliwa ngiri, akarudi kwake. Siku ya kumi na mbili tulimkuta uani akitia upepo magurudumu ya baiskeli.

Tukamwuliza: "Baba, safari ya wapi?"

Akajibu: "Mwalimu, jeraha limefunga. Watoto hawali jeraha."

Neno hilo tumelifikiri sana, maana si neno la mpumbavu. Ni neno la baba anayeona haya kula bukari iliyopatikana kwa jasho la mkewe peke yake. Walakini baba huyo alikosea jambo moja, na wengi hulikosea pamoja naye.

Ngiri yatokea pale ukuta wa tumbo upatapo mahali padhaifu. Utumbo husukumwa nje hapo, hasa mtu anyanyuapo mzigo, akohoapo au ajikazapo chooni. Daktari huurudisha ndani na kupaziba mahali pale. Ngozi ya juu hufunga kwa siku kama kumi. Lakini nyama ya chini, ndiyo inayozuia utumbo, yahitaji majuma mengi ili iwe na nguvu. Jirani yetu aliona mlango umepakwa rangi, akadhani na komeo limekwisha kutiwa.

Mahali pengi siku hizi daktari hushonea hapo wavu mdogo. Nyama huota ikipenya katika matundu yake, mpaka wavu na mwili viwe kitu kimoja. Wako wanaodhani kwamba kazi imara ya namna hiyo ni ya matajiri tu. Sivyo. Huko Kamuli, mashariki ya Uganda, wanaume 302 walipasuliwa katika hospitali mbili, mojawapo ya misheni. Wengine walitiwa wavu wa bei kubwa, wengine kitambaa cha namna ya chandarua, kilichotayarishwa na kusafishwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Habari zake zilitangazwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu kati ya wale wa kitambaa cha bei ndogo. Basi, kazi ya daktari yaweza kuwa njema hata kwa maskini. Inabaki kazi ya nyumba.

Kazi hiyo ni hii. Mgonjwa asilale kutwa: aamke, atembee polepole uani tangu siku za kwanza, kila siku akiongeza kidogo. Jeraha liwe safi na kavu. Asilipake majani wala mafuta, wala asikandwe kwa maji ya moto. Anywe maji mengi, ale sombe, lengalenga, maharagi na papai, ili asijikaze chooni. Akitaka kukohoa, abane mto juu ya mshono. Uvimbe kidogo na weusi wa ngozi katika sehemu za chini visimtishe, maana hupungua vyenyewe. Lakini akipata homa, au usaha, au damu isiyokoma, au kutapika, au maumivu yanayozidi, au akishindwa kukojoa, arudishwe hospitali siku ile ile. Na mizigo mizito, yaani ndoo iliyojaa, gunia la unga, baiskeli ya makala, aiache majuma sita hivi, mpaka daktari amruhusu.

Majuma sita! Hapo ndipo neno la jirani yetu linapouma. Mwanawe wa kwanza, aliye katika darasa letu, alisema ataacha shule ashike baiskeli. Baba yake akanyamaza, akitazama chini. Ndipo mkewe aliposema kwa upole: "Baba, mtoto asome. Tumwite mdogo wako."

Ikawa hivyo. Baba mdogo alichukua baiskeli, na faida wakaigawa nusu kwa nusu. Mama aliuza makala kwa mafungu penye lango, na mgonjwa alikaa karibu naye akipokea fedha na kumbembeleza mtoto mchanga. Majirani wengine walicheka. Siku nyingi walikula mara moja tu. Juma la saba, daktari alipomruhusu, jirani yetu alianza tena kwa gunia moja. Mtoto hajakosa hata siku moja ya shule.

Basi enyi wababa, msifiche ngiri. Ikiwa ngumu, ikauma na kuwatapisha, ni hatari ya kufa, wala haingoji kesho. Na mnapopanga siku ya kupasuliwa, pangeni vilevile majuma yanayofuata: nani atateka maji, nani atashika kazi, deni gani lingoje. Shauri hilo lifanywe na mume na mke kabla ya kwenda hospitali, si baadaye. Ni kweli, watoto hawali jeraha. Lakini baba akirudi kitandani kwa sababu ya haraka yake, watakula nini?