KUTELEZA NI KUANGUKA



Wazee wetu walisema kuteleza si kuanguka. Maneno hayo ni mema kwa mtu atembeaye chini. Kwa dereva ashukaye kutoka juu ya lori, kuteleza ndiko kuanguka, na mguu ukivunjika watoto hukosa karo.

Tajiri akisikia habari hizo husema, "Ni uzembe wa dereva." Mimi sikubali. Dereva aliyetoka Mombasa usiku kucha miguu imemfa ganzi. Afika Nairobi kushusha mzigo: ngazi ya lori ina dizeli, kishikio kimeng'oka, uwanja una matope wala hauna taa, na karani anamwita kwa makelele. Hapo uzembe ni wa nani?

Ni kweli, sisi nasi tuna sehemu yetu. Katika reli tulifundishwa kushuka kwenye injini tukiielekea, si kuipa mgongo. Dereva na afanye vivyo hivyo: ashike kwa mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, mpaka afike chini. Asiruke. Asishuke na chupa ya chai mkononi. Avae viatu vyenye meno, si ndara. Na taniboi asiparamie mzigo uliolowa mvua ili kufunga turubali. Adai ngazi, na mtu wa kuishika.

Lakini vitu hivyo havipaswi kutoka katika mshahara wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe bure vifaa vya kujikinga. Penye watu 20 au zaidi yampasa kuunda kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Ukiona hatari iliyo karibu, mwarifu msimamizi. Mpaka itakapoondolewa, tajiri hana ruhusa kukurudisha hapo.

Na aliyeumia asinyamaze akaenda nyumbani kujikanda. Aarifu siku ile ile, maana fidia hudaiwa kabla ya miezi 12 kupita.

Basi, katika mkutano wa tawi kila mjumbe aje na orodha yake: lori gani halina kishikio, uwanja gani hauna taa. Kishikio ni kipande cha chuma tu. Mmoja akikiomba huambiwa ngoja. Tukikidai sote, kitatiwa.