Kabla ya Kung'oa Kipuri

Huku Bibokoboko hakuna gari la michezo, wala hatutazamii kuliona moja likipanda milima hii karibuni. Barabara zetu huwatoa jasho hata wenye malori. Hata hivyo, ndugu wasomaji, safari hii tumeona vema kuyazungumzia magari hayo ya mbio, kwa kuwa wenye nayo wamebishana kwa miaka mingi juu ya jambo linalotuhusu hata sisi tunaosafiri juu ya magunia ya muhogo kutoka Baraka kwenda Fizi. Je, mtu akijua kwamba injini yake ilitoka kiwandani na udhaifu fulani, ana haki ya kuitengeneza kwa akili yake mwenyewe? Twajibu kwamba anayo. Lakini asing'oe kitu kabla hajajua kiliwekwa kwa ajili gani, na akishaking'oa asimfiche mtu.

Tutazame kwanza kwa jirani zetu. Mjini Nairobi na Kampala vijana wengi wanazipenda Subaru zenye turbo, nyingi zikiwa zimetumika kwanza Japani. (Kelele zake usiku wa Jumamosi tunawaachia wenyewe.) Turbo ni kifeni kinachozungushwa na moshi utokao katika injini, ili nacho kiisukumie injini hewa zaidi. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na bila oili hakiwezi kudumu. Katika baadhi ya Subaru za katikati ya miaka ya 2000, oili iendayo kwenye turbo hupita ndani ya bolti yenye tundu, na ndani ya bolti hiyo mmewekwa chujio la waya lisilozidi ncha ya kidole. Nia ilikuwa njema, kuzuia takataka. Ila mwenye gari akichelewa kubadili oili, masizi hukusanyika papo hapo, chujio huziba, na turbo hubaki kavu. Mhimili wake ukikatika, vipande vya chuma huingia katika oili na kuimaliza injini nzima. Basi kilichowekwa kulinda ndicho kinacholeta maangamizi.

Wenye magari hawakungoja kuambiwa. Wengi walikitoa kichujio hicho wakairudisha bolti ikiwa tupu, wakitegemea chujio kubwa la oili ambalo bado lipo. Wengine hukibadilisha kila baada ya muda na kubadili oili mapema, pengine kila kilomita 5,000. Sisi tunawapenda zaidi hawa wa pili, lakini wale wa kwanza hatuwalaumu. Walijua wanachokitoa, na walijua kwamba tangu siku hiyo uzembe wao juu ya oili hauna tena wa kuuzuia.

Kisa cha Porsche kinafanana na hicho, tena kimefika mahakamani. Injini iliyoanza kutumika katika Boxster mwaka 1996, kisha katika 911 iliyofuata, ina shafti ya kati inayoshikiliwa upande mmoja na beringi. Beringi hiyo imefungwa kwa sili, na ndani yake mna grisi. Kadiri miaka inavyopita sili huchoka, oili ya injini hupenya kidogo kidogo na kuisafisha grisi, kisha hunaswa humo ndani bila kutoka, ikazeeka na kuchafuka. Beringi hulika. Siku inapovunjika, minyororo ya injini hupotewa na mpango wake, pistoni hugongana na vali, na gari la thamani kubwa huwa chuma chakavu kwa dakika moja. Si kwamba magari yote yalipatwa na hayo, la, walio wengi hawakupatwa. Lakini waliopatwa walikuwa wengi kiasi cha kufungua kesi ya pamoja nchini Marekani, na mwaka 2013 wakafikia mapatano yaliyohusu magari yaliyotengenezwa kati ya 2001 na 2005.

Mafundi wa kujitegemea walikuwa wametangulia. Walitengeneza beringi nyingine, baadhi zikiwa na gololi za kauri, na wakawafundisha watu kuibadilisha siku ileile giaboksi inaposhushwa kwa ajili ya klachi, ili isiwe gharama mara mbili. Kwa injini za 2006 hadi 2008, ambazo beringi yake ni kubwa na haitoki bila kuipasua injini nzima, walipata njia nyepesi zaidi: kuing'oa sili ya nje tu, oili safi iingie na kutoka. Kipuri kidogo kinatolewa, na beringi inapata uhai. Injini mpya zilizofuata, kuanzia magari ya 2009, hazikuwa na shafti ile kabisa.

Sasa turudi kwetu. Ukanda wetu huu una dawa yake maarufu ya kienyeji, nayo ni kuing'oa themostati. Gari likichemsha mara mbili mlimani, fundi hufungua mfuko wa maji, hutoa kile kijimlango cha shaba, hukitupa kando na kusema kwamba hicho ni kitu cha Wazungu wenye baridi, Afrika hakihitajiki. Maneno hayo yamesemwa mara nyingi hata yamekuwa kama elimu.

Themostati ina nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, nta imeganda na mlango umefungwa, ili maji yazunguke ndani tu na injini ipate moto upesi. Yakifika nyuzi 80 hivi, nta huvimba, mlango hufunguka, maji huenda kwenye rejeta kupozwa. Ukiing'oa, injini hukaa baridi mno: mafuta hayaungui vizuri, huteremka kwenye kuta za silinda na kuiosha oili, na dereva hulalamika kwamba gari linakunywa sana. Tena wanaosema Afrika yote ni joto hawajalala huku kwetu juu. Pwani ya ziwa, kwenye kimo cha mita 770 hivi, jua linachoma kweli. Asubuhi ya uwanda wa juu ni habari nyingine.

Na kuna baya zaidi. Katika injini nyingi, zikiwemo za Toyota tunazozitegemea, themostati ikifunguka huiziba pia njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Ikikosekana, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka bila kuiona rejeta. Hivyo gari lililotolewa themostati lisichemke ndilo linalochemka mlimani likiwa na mzigo. Dereva huongeza bidoni jingine la maji, msaidizi wake huruka na jiwe kulizuia gurudumu, na abiria hushuka. Katika nchi hii gari likizimika njiani jioni, wale mama waliokaa juu ya magunia hawasumbuki tu, wanaogopa. Kila msomaji wetu anajua wanaogopa nini.

Ndiyo maana hatukubali kwamba mafundi hawa wote wanafanya jambo moja. Yule wa Porsche alifungua beringi zilizovunjika, akaona zilivyokufa, ndipo akatoa sili. Yule wa Subaru alikiona kichujio kilichoziba. Fundi wetu hakuona chochote kwenye themostati. Aliitoa kwa sababu yake ndiyo inayofikiwa upesi, huku rejeta iliyojaa matope na mkanda uliolegea vikibaki kama vilivyo. Hatumdharau. Anafanya kazi bila vitabu na bila vipuri, na mara nyingi bila malipo ya haki. Lakini umaskini haumzuii kuchunguza.

Wala haumzuii kusema. Gari hubadilisha wenyewe, na anayelinunua hajui kilichotolewa miaka mitatu iliyopita. Tungependa kila fundi amkabidhi mwenye gari mkononi kile alichokitoa, na kuandika tarehe na sababu katika daftari linalokaa ndani ya gari. Anayeuza naye aseme. Anayenyamaza ili asipunguziwe bei anamuuzia mwenzake hatari ambayo yeye mwenyewe ameikimbia.

Kuhusu themostati, uchunguzi wake hauhitaji mashine. Itoeni, muifunge kwa uzi, muitumbukize katika sufuria ya maji juu ya jiko bila kugusa chini, mchochee moto. Maji yakikaribia kuchemka mlango wake ukafunguka, na yakipoa ukajifunga, themostati haina kosa: irudisheni mahali pake, mkaisafishe rejeta.